Aragvi, mgahawa uliokuwa mwisho wa reli

Kwa nini kisa hiki

Kila ninapokaa na mtu anayetaka kufungua mgahawa wa chakula cha kwao katika mji wa watu wengine, mazungumzo huanzia ukumbini: rangi ya kuta, aina ya viti, bango la nje. Mimi humuuliza giligilani yake itatoka wapi kila Jumanne, na siku njia ikifungwa ataipata kwa nani. Swali hilo nimelitoa Moscow, kwenye historia ya mgahawa wa Kigeorgia uitwao Aragvi, ambao kwa zaidi ya nusu karne ulikuwa miongoni mwa migahawa mashuhuri kabisa ya Umoja wa Kisovieti, kisha ukafungwa, ukafunguliwa upya kwa gharama kubwa, na ukafungwa tena.

Jina la mgahawa, mahali pake na miaka yake ni mambo ya kumbukumbu za umma, kwa hiyo nimeyaacha yalivyo. Waliouendesha, waliopika na waliotia fedha zao nimewataja kwa kazi zao tu.

Usuli

Aragvi ni mto. Unatoka katika milima ya Kaukazi, unashuka kusini na kukutana na mto Mtkvari pale Mtskheta, mji mkuu wa kale wa Georgia. Kando ya bonde lake inapita Barabara ya Kijeshi ya Georgia, njia ya milimani inayoiunganisha Tbilisi na Urusi tangu zama za wafalme wa Urusi. Msomaji alishike hili, maana aliyeuita mgahawa jina la mto huo aliuita, kwa kujua au kwa kutojua, jina la njia.

Mgahawa ulifunguliwa 1938, katikati ya Moscow, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kremlin. Jengo lilikuwa hoteli ya zamani ya Dresden, kwenye uwanja ulioitwa wakati huo Uwanja wa Kisovieti, ambao leo ni Uwanja wa Tverskaya. Mbele yake ilipita barabara kuu ya mji, iliyokuwa na jina la Gorky. Serikali ilikuwa katika kazi ya kuipanua barabara hiyo ili iwe kioo cha nchi nzima. Jengo la halmashauri ya mji, ng'ambo ya barabara, lilisogezwa nyuma kiasi cha mita 13 mwaka 1939, zimazima, bila kubomolewa. Katika mtaa wa namna hiyo hakuna mlango uliofunguliwa kwa bahati.

Aliyekuwa akitawala, Stalin, alizaliwa Gori, Georgia. Beria, Mgeorgia mwingine, alihamia Moscow mwaka huohuo wa 1938 kushika idara ya usalama, na watu wengi huuhusisha ufunguzi wa Aragvi na yeye. Mikoyan, Muarmenia aliyesoma Tbilisi, ndiye aliyesimamia viwanda vya chakula vya nchi katika miaka ya 1930. Chakula cha Kaukazi kilikuwa na wajomba mjini.

Na chakula chenyewe? Kwa msomaji wa pwani yetu hakiko mbali sana. Lobio ni maharage yaliyopikwa kwa giligilani na vitunguu. Satsivi ni kuku au bata mzinga katika mchuzi wa baridi wa kokwa za jozi zilizosagwa, mzito kama mchuzi wa nazi uliokolea, wenye vitunguu saumu na siki. Kharcho ni supu ya nyama ya ng'ombe ambayo ukali wake hutokana na plamu chachu zilizokaushwa kama karatasi ya ngozi. Mahali ambapo sisi tungetia ukwaju, wao hutia hizo. Katika bizari yao mna ndugu wa uwatu wetu, mwenye maua ya buluu, ambaye harufu yake ni pole zaidi. Nimeeleza kwa urefu kwa sababu kisa chote kinakaa hapa: jozi zilizoota ukungu huharibu satsivi, na bila plamu zile kharcho inakuwa supu nyingine.

Miaka ya neema

Uamuzi wa kwanza ulihusu vitu vya jikoni. Nyama, jibini, mboga za majani, bizari, mvinyo na maji ya chemchemi ya Borjomi vililetwa kutoka Georgia kwa treni, safari ya zaidi ya kilomita 2,000. Wapishi nao waliletwa kutoka huko. Hakuna mfanyabiashara binafsi ambaye angeimudu hesabu hiyo. Aliyeimudu ni dola, na dola haikuwa ikitafuta faida ya sahani moja moja. Ilitaka mgeni aketi Moscow na aonje kwamba jamhuri zote ni nyumba moja. Baadaye ikafungua migahawa mingine kwa shabaha hiyohiyo, Uzbekistan kwa jina la jamhuri na Baku kwa jina la mji.

Uamuzi wa pili ulihusu kuta. Msanii Irakli Toidze, yuleyule aliyechora bango mashuhuri la vita la 1941 lenye mama anayewaita wanawe, alipewa kazi ya kuchora kumbi. Alichora watu na maisha ya Georgia kwa ukubwa unaomfanya mlaji ajione mdogo. Palikuwa pia na vyumba vya faragha. Viongozi wa chama, waigizaji, waandishi, wanamichezo, maofisa wa usalama na wageni wa serikali wote walipita pale, na chumba chenye mlango unaofungwa kilikuwa na thamani kuliko mapambo yoyote.

Uamuzi wa tatu haukuandikwa popote, ila kila mtu aliujua: mezani hukufika kwa kuja tu. Mlangoni palikuwa na bawabu na kibao cha kusema nafasi hakuna. Nafasi zilikuwepo. Anayefahamika aliingia, na asiyefahamika aliingia kwa kitu kidogo mkononi mwa bawabu. Migahawa ya hadhi ile ilikuwa michache kwa mji wenye mamilioni ya watu, na bei zilipangwa na serikali, kwa hiyo tofauti kati ya bei ya kwenye menyu na kile ambacho mtu alikuwa tayari kutoa iliishia mfukoni mwa aliyesimama mlangoni. Mwaka 1954 sanamu ya Yuri Dolgoruky juu ya farasi wake, anayehesabiwa mwasisi wa Moscow, ilisimikwa mbele ya jengo. Foleni ya Aragvi ikapata alama ya kukutania.

Sahani iliyoupa mgahawa umaarufu mkubwa zaidi ni kuku wa tabaka. Anachukuliwa kuku mdogo, anapasuliwa kifuani, anafunguliwa kama kitabu, anakaangwa kwa siagi chini ya uzito mpaka ngozi inakuwa nyembamba na kavu kama biskuti, halafu anapewa vitunguu saumu. Jina linatokana na tapa, kikaango kizito cha Kigeorgia. Kuku aliyekaangwa humo huitwa tapaka. Masikio ya Warusi yalisikia tabaka, neno linalokaribia tumbaku, na likabaki hivyo. Kutoka kwenye jiko la Aragvi sahani hii ilisambaa nchi nzima, na mvinyo wa Georgia ukasambaa nayo, ukiuzwa kwa nambari kwenye lebo: Tsinandali nambari 1, Mukuzani nambari 4, Khvanchkara nambari 20, Kindzmarauli nambari 22.

Njia inakatika

Pigo la kwanza lilitoka juu. Mei 1985 Gorbachev, kiongozi mpya wa Umoja wa Kisovieti, alianza kampeni dhidi ya ulevi. Saa za kuuza vileo zikapunguzwa, na huko Georgia mashamba ya mizabibu yakang'olewa. Mgahawa ambao meza yake imejengwa juu ya mvinyo, ambako mkuu wa meza, yaani tamada, huongoza kauli za heri moja baada ya nyingine usiku kucha, ulikuta nusu ya desturi yake inatazamwa kama kosa.

Halafu mambo yakaja kwa kufuatana. Tarehe 9 Aprili 1991 Georgia ilitangaza uhuru, na Desemba Umoja wa Kisovieti ukaisha. Januari 1992 serikali ya Urusi iliacha kupanga bei nyingi, na ndani ya mwaka huo bei zikapanda zaidi ya mara 20. Agosti 1992 vita vilizuka Abkhazia, kaskazini-magharibi mwa Georgia, na reli ya pwani ya Bahari Nyeusi, ile ipitayo Sukhumi kwenda Sochi na kuendelea hadi Moscow, ikakatika. Treni kati ya Moscow na Tbilisi kwa njia hiyo hazijarudi mpaka leo.

Hapo ndipo ninapowaomba wanafunzi wangu wasimame kidogo. Jiko la Aragvi halikuwa Moscow peke yake. Lilianzia kwenye mashamba na mazizi ya Georgia, likapita kwenye mabehewa, na ukumbi wenye picha za Toidze ulikuwa kituo cha mwisho tu. Mwaka 1992 mnyororo huo ulikatwa katikati, na aliyeulipia kwa miaka yote, yaani dola, hakuwepo tena. Mgahawa ukaingia mikononi mwa watu binafsi ukiwa na jina kubwa, jengo kongwe linalochakaa, na mahitaji yanayobidi kutafutwa sokoni kama mgahawa mwingine wowote.

Uliendelea kwa miaka kadhaa. Mwaka 2003 ulifungwa, jengo likihitaji matengenezo makubwa.

Miaka 13 ya mlango kufungwa

Matengenezo ya jengo la kihistoria katikati ya mji mkuu huenda polepole. Nje ya mlango ule, mambo hayakusubiri.

Machi 2006 Urusi ilipiga marufuku mvinyo wa Georgia, na Mei ikafuata Borjomi. Sababu iliyotolewa ilikuwa viuatilifu na metali nzito. Wageorgia waliiona kuwa siasa. Julai mwaka huo kivuko cha Lars, kituo cha mpakani kwenye ile Barabara ya Kijeshi, kilifungwa, na hakikufunguliwa hadi Machi 2010. Kuanzia Septemba 2006 raia wa Georgia walianza kukamatwa na kufukuzwa. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika hukumu yake ya 2014, ilizungumzia zaidi ya amri 4,600 za kufukuza katika miezi michache. Agosti 2008 nchi hizo mbili zilipigana.

Mtu akisoma orodha hiyo atasema chakula cha Kigeorgia kilikufa Moscow. Kinyume chake ndicho kilichotokea, na ndicho kinachofanya kisa hiki kistahili kusomwa. Watu wa Moscow walikuwa wamekwisha kukipenda. Migahawa midogo na ya kati ilichipuka, jibini la suluguni likatengenezwa hapohapo Urusi, khinkali (vifuko vya unga vyenye nyama ndani) na khachapuri (mkate wa jibini) vikawa chakula cha mchana cha mfanyakazi wa ofisini. Mvinyo wenyewe uliporuhusiwa tena mwaka 2013, ulikuta meza zimetandikwa kila mtaa. Katika mji huo uliokuwa ukila khachapuri asubuhi na jioni, mlango wa Aragvi ulikuwa umefungwa.

Kufunguliwa tena

Mwaka 2016 Aragvi ilifunguliwa upya. Wawekezaji walifanya uamuzi ambao kwa upande wa urithi wa majengo nauheshimu sana: kulirudisha jengo katika hadhi yake. Picha za Toidze zilisafishwa na kurekebishwa na mafundi wa kazi hiyo. Mwenye kupenda historia angeweza kuingia akatazama dari na kuta na kuondoka ameshiba kwa macho.

Sababu ya uamuzi huo inaeleweka. Jina lilikuwa kubwa, jengo linalindwa na sheria za urithi, eneo ni la gharama kubwa. Katika hali hiyo mwekezaji huona kwamba lililo salama ni kuuza kumbukumbu, na kumbukumbu huuzwa kwa bei ya juu. Mwaka 2019, baada ya miaka mitatu hivi, mgahawa ulifungwa.

Nionavyo mimi: yaliyofaa

Kuleta vitu kutoka asili kulifaa, na kulifaa kuliko jambo lolote lingine. Wengi hudhani watu wa Moscow walivutwa na fahari ya ukumbi. Fahari ilikuwepo katika migahawa mingine pia. Walichokipata Aragvi, na si kwingine, ni ladha ambayo haikufanyiwa mabadiliko ili imridhishe mwenyeji. Majina hayakutafsiriwa. Satsivi ilibaki satsivi, kharcho ikabaki kharcho, mteja ndiye aliyejifunza. Mgahawa unaomfundisha mteja wake huchukua muda mrefu kupata faida, lakini ladha ikishamkaa mtu haing'oki, hata nchi mbili zikipigana.

Vyumba vya faragha navyo vilifaa, kwa zama zile na kwa watu wale. Sina la kuongeza.

Nionavyo mimi: yaliyoshindikana

Njia moja na mlipaji mmoja. Huu ndio udhaifu wa mwanzo, na ulikuwepo tangu siku mlango unafunguliwa 1938. Kwa miaka 50 haukuonekana kwa sababu haukujaribiwa. Ninaufahamu ugonjwa huu kwa karibu: Waswahili wanaofungua migahawa ughaibuni huwa na mtu mmoja wa kuwaletea mchele, bizari na nazi, na maisha ni mazuri mpaka siku mtu huyo anapougua au bandari inapobadilisha kanuni. Walimaji wa mizabibu wa Georgia walikutana na tatizo hilohilo mwaka 2006, wakati soko lao kubwa lilipofungwa ghafla. Wengi waliumia vibaya. Lakini waliobaki waliboresha mvinyo wao na kutafuta wanunuzi Poland, China, Kazakhstan na kwingineko, na Urusi ilipofungua mlango tena 2013 haikuwakuta wamekaa kizingitini. Mkulima na mgahawa walikuwa ncha mbili za njia moja. Mkulima alitafuta njia nyingine.

La pili ni bawabu. Mgahawa ambao watu wanatoa hongo ili waingie huamini kwamba unapendwa. Sehemu ya foleni ile ilikuwa mapenzi ya kweli kwa chakula, na sehemu ilikuwa uhaba, na kwa sababu bei zilipangwa na serikali hapakuwa na namna ya kuzitenganisha. Uhaba ulipoisha, hakuna aliyejua wapenzi wa kweli ni wangapi. Nikimshauri mwenye mgahawa wenye foleni leo, ninamwomba ahesabu wanaorudi mwezi uleule, asihesabu wanaosubiri nje.

La tatu, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema Aragvi ilishindwa kwa sababu ya siasa: mwaka 2016 siasa ilikuwa imelegea. Kivuko cha Lars kilikuwa wazi, mvinyo umerudi, malori yalishuka na kupanda bonde la mto Aragvi. Vikwazo vyote vilivyoinyima Aragvi mahitaji vilikuwa vimeondoka, lakini viliondoka kwa kila mtu. Mgahawa uliokuwa mlango pekee wa Georgia ulirudi ukiwa mmoja kati ya mamia, tena ukiwa wa bei ya juu, katika mji ambao mtu hupata khinkali nzuri karibu na kituo chake cha metro. Kilichorudishwa ni kuta. Kuta zilikuwa sahihi, lakini kuta hazikuwahi kuwa sababu ya mtu kuja mara ya pili.

Na miaka 13 ni mingi. Aliyekuwa na miaka 55 mlango ulipofungwa alikuwa na 68 ulipofunguliwa. Aliyekuwa na 12 alikuwa 25, mwenye mshahara wake, na Aragvi kwake ni jina alilolisikia kwa babu. Wapishi waliojua jiko lile walikuwa wametawanyika. Kama ningekuwapo mezani 2003 wakati wa kuamua kufunga, ningeomba jambo moja dogo: jiko la muda, hata la meza kumi, mtaa wowote wa jirani, kwa jina lilelile na wapishi walewale. Lisingeleta fedha za kutosha kukarabati jengo. Lingewaweka wapishi pamoja, na lingewapa wateja mahali pa kwenda Ijumaa.

Kilichobaki

Kuku wa tabaka hahitaji tena anwani ile. Katika nchi zilizokuwa Umoja wa Kisovieti hupikwa majumbani, na wengi wanaompika hawajui kwamba neno walitumialo ni jina la kikaango lililosikika vibaya. Wasio na tapa hutumia kikaango chochote. Wanamfungua kuku, wanampaka chumvi na pilipili, wanamlaza ngozi ikiwa chini, wanafunika kwa sahani, na juu ya sahani wanaweka sufuria iliyojaa maji. Maji ndiyo uzito. Baada ya dakika kumi na tano hivi wanainua sufuria, wanamgeuza, na kuirudisha.